Siku Kumi Mlimani: Daftari la Mtafiti Mgeni

Siku ya 1, Jumapili

Basi limeondoka Songea saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Julai huku kwetu inauma, na hadi tunafika Njombe nilikuwa bado nimejikunyata ndani ya koti, mkoba nimeupakata. Utingo aliniomba mara mbili niuweke juu pamoja na mizigo mingine, nikakataa. Ndani yake kuna bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kuna kurasa nne za nakala ya kaboni ambazo familia yetu imezitunza tangu mwaka 1968.

Nizieleze mapema, maana ndizo zilizonileta. Mwaka huo Idara ya Historia ya chuo cha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha leo, iliwatuma wanafunzi wake kwenye maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, wakawaulize wazee waliokuwa bado hai. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa ametimiza 75 wanafunzi walipomfikia, kwa hiyo kazi ile isingeweza kungoja. Mmoja wa wanafunzi hao alifika kijijini kwetu, akakaa siku mbili na babu mzaa babu yangu, akayapiga taipu mahojiano yake, kisha akafanya jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi: aliacha nakala. Imeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye maneno alizungumza Kingoni kilichochanganyika na Kiswahili, na alifariki bila kujua karatasi ile inasema nini.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, mwaka wa 19 sasa. Taasisi moja pale Mlimani imetualika watu saba, kila mmoja aje na masimulizi aliyonayo, tukae siku kumi tukiyarudisha kwa Kiswahili. Barua ya mwaliko iliniita "mtafiti mgeni". Niliisoma mbele ya mke wangu, naye akaenda kuipigia pasi suti.

Makambako tulikunywa chai. Iringa nusu saa. Kitonga basi lilishuka taratibu nyuma ya malori, joto likaanza kupanda, nikavua koti. Ruaha Mbuyuni vitunguu, Mikumi tembo wawili karibu kabisa na barabara. Stendi ya Magufuli pale Mbezi tuliingia saa tatu usiku, na kufika chumbani kwangu chuoni ilikuwa karibu saa tano. Nimeuweka mkoba chini ya mto.

Siku ya 2, Jumatatu

Nimeamshwa na tumbili. Walikuwa wanakimbizana juu ya bati, na nilipofungua dirisha mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa kibaraza ananitazama. Kilima hiki ni chao kabla hakijawa cha wasomi.

Nilitembea kidogo kabla ya kikao. Chuo kilipoanza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, hakikuwa hapa. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi wasiofika 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Nikasimama mbele ya Ukumbi wa Nkrumah. Wanafunzi wangu wa zamani waliujua ukumbi huu kabla hawajafika Dar es Salaam, kwa sababu ulikuwa nyuma ya noti ya 500. Humu ndani, Juni 1974, ulifanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika.

Saa tatu tukakutana. Mwenyeji wetu ni profesa mama mtu mzima, anayezungumza polepole na asiyemkatiza mtu. Wenzangu siwataji majina, sikuwaomba ruhusa ya kuwaandika. Kuna mzee kutoka Kipatimu, wilaya ya Kilwa, mwalimu mstaafu. Kuna dada wa Kilifi anayesomea tafsiri. Kuna daktari wa historia kutoka Ujerumani, Kiswahili chake kizuri, amekijifunzia Unguja na kinasikika hivyo. Kuna vijana wawili wa hapahapa chuoni, na mtunza nyaraka mmoja aliyestaafu. Dada wa Kilifi na yule daktari ilibidi kwanza vibali vyao vya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, vikaguliwe, kwani mtafiti wa kigeni hafanyi kazi nchini bila kibali hicho. Vyote vilikuwa sawa.

Profesa akaeleza utaratibu. Asubuhi kila mtu na karatasi zake, chai saa nne, mchana tunasoma pamoja kwa sauti. Hakuna anayefundisha, hakuna anayesahihisha mitihani. "Nataka mchoke kwa kufikiri, si kwa kazi nyingine," akasema. Sijawahi kuambiwa hivyo na mwajiri yeyote. Nilikaa kwenye dawati nililopewa, dirisha linatazama mwembe, nikajikuta sijui nianze na nini. Kwa miaka 19 kengele ndiyo iliyoniambia.

Siku ya 3, Jumanne

Siku nzima maktaba. Maktaba mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ni kubwa kiasi kwamba nilipotea mara mbili. Nilitaka kujua walimu wa wale wanafunzi wa 1968 walikuwa akina nani, na hapo ndipo nilipoona jinsi chuo hiki kilivyojengwa na wageni na wenyeji wakiwa wameshikana.

Terence Ranger alikuja mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia ya Kusini, akaanzisha idara. John Iliffe alitoka Uingereza. Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, alichimba historia ya watu wake kutoka vinywani mwa wazee wakati ambapo vyuo vingi duniani vilikuwa bado vinasema Afrika isiyoandikwa haina historia. Gilbert Gwassa, Mtanzania, ndiye aliyeyafuatilia Maji Maji hadi Umatumbi na Ngarambe, na ndiye aliyekadiria kuwa vita na njaa yake vilichukua watu kati ya 250,000 na 300,000. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka mabara mbalimbali walifanya kongamano lao hapahapa, chuo kikiwa na umri wa miaka minne tu.

Halafu Walter Rodney wa Guyana. Alifundisha hapa kwanza mwaka 1966 hadi 1967, akaenda Jamaika, serikali ya huko ikamzuia kuingia Oktoba 1968, akarudi Dar es Salaam mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kilichozunguka dunia nzima, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa na Tanzania Publishing House (TPH) kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Nimekisoma nikiwa chuo cha ualimu, nakala iliyokuwa imeng'oka jalada. Leo nimekishika kizima.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nilikula wali na changu meza moja na mwanahisabati kutoka Kumasi, mgeni wa idara nyingine. Tulizungumza Kiingereza. Aliniuliza kikundi chetu kinatafuta nini. Nikamwambia tunatafuta maneno waliyosema wazee kabla hayajatafsiriwa. Akafikiri, akasema hilo ni tatizo la kurudi nyuma kutoka kwenye jibu hadi kwenye swali, na kwamba hata kwao ni gumu kuliko kwenda mbele.

Siku ya 4, Jumatano

Leo ilikuwa zamu yangu.

Tunavyofanya ni hivi. Mwenye karatasi anasoma sentensi ya Kiingereza. Kila mmoja anaandika Kiswahili chake bila kuangalia cha mwenzake. Kisha tunasoma vyote kwa sauti, tunagombana kwa adabu. Sentensi moja inaweza kula saa nzima.

Nilianza ukurasa wa pili, pale babu anapoeleza askari walivyofika. Ungoni vita vilifika baada ya pwani. Dawa ya maji, iliyoaminika kuzuia risasi, ililetwa kwetu na Kinjala, na watu wa watawala wetu wawili, Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope, waliipokea. Baada ya watu wetu kushindwa vitani, jeshi la Gavana von Götzen wa Wajerumani liligeukia chakula. Maghala yalichomwa, mashamba yakafyekwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Babu anasimulia asubuhi ya moshi. Anataja ghala la baba yake lilivyoungua kwa siku mbili. Kisha karatasi inasema kwamba watu wa kijiji, na hapa kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza, kwenda milimani pamoja na watoto.

Wote saba tuliandika "walikimbilia milimani". Nami pia. Kitenzi kile hakionyeshi kitu kingine.

Tulikuwa tunajiandaa kuendelea, Mzee wa Kipatimu akainua mkono. "Mwalimu," akaniita, "mkubwa wako huyo alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia ninavyojua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikufa 1971, sikumwona.

"Basi mimi neno hilo silitaki," akasema. "Kwetu Umatumbi mkubwa akisimulia vita hasemi tulikimbia. Atasema tulihama. Atasema tulilala porini. Kukimbia anasema aliyekuwa anatufukuza."

Chumba kikanyamaza. Daktari wa Ujerumani akafungua kompyuta yake, akatafuta kwa muda, kisha akatusomea kwa Kiswahili vipande vya ripoti za maofisa, kutoka katika nakala za nyaraka zilizoko Berlin. Kijiji kimekutwa kitupu, wenyeji wamekimbia. Kijiji kingine, wenyeji wamekimbia. Alisoma bila kuongeza neno. Alipomaliza akasema yeye mwenyewe ameliandika neno hilo mara nyingi katika tasnifu yake na hakuwahi kujiuliza limetoka kinywani mwa nani.

Kumbe inawezekana kabisa. Mwanafunzi wa 1968 alisoma kwanza vitabu na ripoti, ndipo akaenda kijijini. Masikio yake yalikuwa tayari na neno. Babu akasema lake, kijana akasikia la kwenye ripoti, na mimi nimekuwa nikiwasomea wanafunzi wangu karatasi hii kila tarehe 27 Februari, siku tunayowakumbuka viongozi wetu walionyongwa Songea mwaka 1906, nikiwaambia kwamba wazee wao walikimbia.

Dada wa Kilifi akauliza kama kuna mtu yeyote hai aliyekuwepo siku ya mahojiano. Nikasema hapana. Nilisema haraka, bila kufikiri. Ni saa sita usiku sasa ninapoandika, na nimekumbuka shangazi.

Shangazi yangu mkubwa alizaliwa 1957. Mwaka 1968 alikuwa na miaka 11, na alilelewa nyumba ile ile. Nimemhoji kuhusu mavuno, kuhusu mitara, kuhusu nyimbo za unyago. Kuhusu siku mbili za yule mwanafunzi sikuwahi kumuuliza, kwa sababu karatasi ilikuwepo.

Siku ya 5, Alhamisi

Nimempigia shangazi asubuhi, simu haipatikani. Kijijini kwao mtandao ni wa kupanda kichuguu.

Tulikwenda mjini, mimi, daktari na mmoja wa vijana. Daladala hadi Ubungo, kisha mwendokasi. Nikashuka Fire nikiwa nimesimama njia nzima, shati limelowa, ingawa wenyeji wanasema huu ndio msimu wa baridi na upepo wa kusi.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Unaingia na barua yako, unaacha mkoba, unabaki na penseli na karatasi. Wamehifadhi pale majalada ya enzi ya Wajerumani, yale yenye alama ya G, na nilipoletewa moja nilishindwa kusoma hata mstari. Mwandiko wa wakati ule una ncha nyingi, unafanana na uzio wa miiba. Daktari akanisogezea kiti, akaanza kunisomea kwa kidole. Na katikati ya Kijerumani kile nikaanza kuyaona mwenyewe: akida, jumbe, boma, askari. Maneno yetu, yameandikwa na mkono wa karani wa Kijerumani, yamekaa pale zaidi ya miaka 100. Hakuwa na neno lake la jumbe, akaazima letu.

Niliyanakili yote niliyoyaona, ukurasa kwa ukurasa. Yalifika 23. Sijui nitayafanyia nini. Nilijisikia kama ninawasalimu watu.

Jengo lilipofungwa tukatembea hadi Samora, kwenye duka la vitabu la TPH. Nilinunua vitabu viwili vya maktaba ya shule na kimoja cha mwanangu. Kijana wetu wa chuo alikuwa hajawahi kuingia pale. Alitoka akiwa amebeba zaidi yangu.

Siku ya 6, Ijumaa

Karatasi za dada wa Kilifi, kisha sala ya Ijumaa kwa wenzetu Waislamu, kisha karatasi za Mzee. Alituletea neno njwiywila, ule ujumbe wa siri uliopita kutoka mtu hadi mtu Umatumbi kabla ya watu kung'oa pamba Nandete mwishoni mwa Julai 1905. Vitabu vya Kiingereza vinalieleza kama kampeni ya minong'ono. Tuliuliza Kiswahili chake ni nini. Mzee akasema tuliache lilivyo, watu wajifunze. Tukaliacha.

Shangazi bado hapatikani.

Siku ya 7, Jumamosi

Hakuna kikao. Nimekwenda Bunju.

Sababu ni hii. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alihamia Bunju, wakati huo kijiji cha Wazaramo nje ya jiji, akaishi humo miaka kadhaa. Hakukaa hotelini na kuja na gari asubuhi. Baadaye, kuanzia 1975, aliongoza kundi la watafiti Wafini na Watanzania upande wa Bagamoyo, na kundi lile lilijiita Jipemoyo. Nalipenda jina hilo kwa moyo wote. Walitaka wanakijiji wawe watafiti wenzao, waulize maswali yao wenyewe, wajadili majibu wenyewe. Leo njia hiyo tunaiita utafiti shirikishi na inafundishwa kila mahali, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko kwenye udongo huu, kati ya Mlimani na Bagamoyo. Mwalimu wa sekondari mikoani hajui. Mimi nimejua mwaka huu.

Daladala ya Makumbusho–Bunju ilichukua saa moja na nusu. Tegeta, Boko, kisha Bunju. Kijiji hakipo tena. Kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, wauza matofali, bodaboda, nyumba za ghorofa zilizozungushiwa kuta. Nilizunguka nikijaribu kukisia mashamba yalikuwa wapi. Minazi michache mirefu imesimama peke yake kati ya nyumba, na nadhani hiyo ndiyo yenye umri.

Chini ya mmoja wa minazi hiyo bibi mmoja alikuwa anakaanga muhogo. Shikamoo, marahaba, mgeni wa wapi. Nikamwambia Songea, na kwamba nimekuja kutafuta Bunju ya zamani. Akacheka, akanipa kigoda. Alizaliwa hapohapo. Nikamuuliza kama watafiti huja.

"Wanaokuja na daftari wengi, mwanangu," akasema. "Hata mwaka jana walikuja wawili. Waliniuliza visima. Niliwaambia kila kitu, wakaandika wee."

"Walikurudishia walichoandika?"

Akageuza muhogo kwenye karai. "Wanirudishie mimi? Nitakifanyia nini, cha Kizungu."

Nilikula muhogo wa shilingi 1,000 na pilipili, nikamwandikia jina langu na namba kwenye karatasi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria yule mwanafunzi wa 1968, aliyeacha nakala mezani kwetu. Alijitahidi kuliko wengi. Na bado ilikuwa ya Kizungu.

Siku ya 8, Jumapili

Kanisani asubuhi, kufua mchana. Nguo zinakauka haraka hapa.

Jioni mwanahisabati wa Kumasi alinisimulia Princeton, Marekani, alikokaa muhula mmoja katika ile Taasisi ya Taaluma za Juu. Ilianzishwa mwaka 1930 kwa fedha za Louis Bamberger na dada yake Caroline Bamberger Fuld, na mkurugenzi wake wa kwanza Abraham Flexner alitaka mahali pasipo na wanafunzi, shahada wala mitihani, msomi afuate swali lake lolote bila kuulizwa lina faida gani. Albert Einstein alihamia huko mwaka 1933 akiukimbia utawala wa Hitler na hakuondoka hadi kifo chake. John von Neumann aliunda hapo moja ya kompyuta za mwanzo. Wageni wanaingia kila mwaka, wanapewa nyumba na familia zao, na kila siku ya kazi saa tisa alasiri wote wanashuka kunywa chai.

Nikamuuliza alipata nini pale. Akasema alikwenda kwa ajili ya ukimya, lakini theoremu yake aliipata kwenye chai, kwa mtu wa fani nyingine aliyeuliza swali la kitoto.

Nikamwambia kuhusu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Nayo ilianza kazi mwaka 1930, hapa Dar es Salaam, ikiwa na jukumu la kusanifisha Kiswahili. Kisha ikawa yenyewe mgeni: ikahamia Nairobi, ikaenda Makerere, ikapita Mombasa, hadi iliporudi Dar es Salaam na mwaka 1964 kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, chini ya chuo hiki. Kamusi yake ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Rafiki yangu alirudia ule mwaka: 1930? Nikamwambia ndiyo. Akaandika kwenye simu yake.

Tukakubaliana kwamba chai yetu ya saa nne haipungui kitu mbele ya hiyo ya saa tisa, na ina maandazi.

Siku ya 9, Jumatatu

Semina ya wazi. Walikuja watu kama 40, wengi wanafunzi. Tulisoma tafsiri zetu kwa zamu. Mzee wa Kipatimu alisoma amesimama wima, bila kipaza sauti, na nyuma kabisa walimsikia.

Mimi niliwasomea ukurasa wa pili nikiwa nimeacha nafasi wazi pale penye kitenzi. Nikaeleza kwa nini. Binti mmoja wa mwaka wa pili akauliza kama si hatari kumwekea mzee maneno tunayoyapenda, kwa kuwa tunaona aibu kusema babu zetu walikimbia. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni hatari, na ndiyo maana nafasi iko wazi. Kama alisema walikimbia, nitaandika walikimbia. Hakuna aibu kukimbia moto na mtoto mgongoni.

Mtu mwingine akauliza habari za fuvu la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wetu walionyongwa 1906, linalosemekana kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023, akaomba radhi pale kwenye makumbusho yetu ya Maji Maji, na akaahidi kusaidia kulitafuta. Niliwaeleza nilivyokuwa nimesimama uani siku ile na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wazee wamevaa ngozi. Niliishia hapo. Daktari wetu alikuwa ameinamisha kichwa, na Mzee, aliyekaa naye, alimwekea mkono begani.

Profesa alifunga kwa kutangaza kwamba kila masimulizi yatachapwa kwa nakala za karatasi, kwa Kiswahili, na kila mmoja wetu atazipeleka mwenyewe yalikotoka, kwa mkono, kabla hazijaingia kokote kwingine. Nakala 50 kila kijiji. Mimi niliomba na moja kwa ajili ya watu wa Bunju wajue kwamba inawezekana. Akaandika.

Siku ya 10, Jumanne

Nimefunga mizigo. Basi ni kesho alfajiri.

Tumeagana kwa chai ya saa nne iliyofika hadi saa sita. Dada wa Kilifi amenipa kanga ya mke wangu. Mzee amenipa korosho kilo mbili na kunitaka nifike Kipatimu kabla ya mvua za masika. Mwembe wa dirishani kwangu nimeuaga pia.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Shangazi, kutoka juu ya kichuguu chake, upepo unavuma kwenye simu. Mtoto wa jirani alimpa ujumbe wangu sokoni.

Sikumwambia ninatafuta neno gani. Nilimuuliza tu kama anakumbuka mgeni wa mwaka ule, kijana aliyekuja kuandika habari za babu. Akasema anakumbuka vizuri sana. Alikuwa na viatu vyeusi, alilala chumba cha nafaka, na yeye shangazi ndiye aliyekuwa anawapelekea togwa. Alikaa mlangoni akasikiliza, kwa sababu babu hakuwa akizungumza hivyo siku nyingine.

"Shangazi, aliposimulia moto wa maghala, alisema watu walifanyaje?"

Alikaa kimya kidogo. Nikasikia mbuzi.

"Alisema walipeleka watoto."

"Walipeleka?"

"Walipeleka watoto mlimani. Wakina mama na wazee wakabaki nao. Wengine wakarudi usiku kutafuta mahindi kwenye majivu. Babu mwenyewe alipelekwa, alikuwa mdogo. Baba yake alimfikisha, akarudi." Kisha akauliza, "Kwani yule kijana aliandika nini?"

Nilimwambia.

"Hapana," akasema shangazi. "Futa hapo. Andika walipeleka watoto."

Nimechukua penseli niliyotoka nayo Upanga, nikaandika kwenye nafasi iliyokuwa wazi.